Benchi la Wenye Mabwana

Nikiona benchi refu la mbao lililopakwa rangi ya samawati, popote pale, hata kanisani, damu yangu hupanda. Wenzangu hudhani nimeudhika na mahubiri. Hawajui kwamba benchi la namna hiyo nusura liniue, na kwamba sijalisamehe, wala sina mpango wa kulisamehe.

Nililiona kwanza mjini Kitale, katika kliniki ya wajawazito niliyoanzia. Lilikuwa mbele kabisa ya chumba cha kungojea. Nyuma yake kulikuwa na mabenchi mengine ya kawaida, yenye misumari iliyochomoza ya kuturarulia leso. Juu ya lile la mbele, ukutani, palibandikwa kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nene: WALIOKUJA NA MABWANA MBELE. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mwanamke aliyekuja na mumewe alikaa pale na kuhudumiwa kwanza, hata kama amefika kajichelewea, chai ya nyumbani bado iko mdomoni. Aliyekuja peke yake alikaa nyuma, angojee wenye mabwana waishe. Nao hawakuisha, maana kila mara aliingia mwingine na wake.

Nitatenda haki kidogo kabla sijaendelea kukasirika. Najua kilicholeta sheria ile. Wanaume wa huku kwetu huogopa kupimwa virusi vya ukimwi. Hungojea majibu ya wake zao, wakayachukua kuwa ni yao pia. Basi mtu fulani ofisini akaona kwamba wenye mabwana wakitangulizwa, wanawake watawaburuta wanaume hadi kliniki. Huenda kuna waliowaburuta. Lakini sijui kama mtu huyo aliwahi kujiuliza mwanamke wa Kitale atamburutaje mwanaume aliye Mombasa.

Maana wangu alikuwa Mombasa, au njiani kwenda, au njiani kurudi. Mume wangu ni dereva wa lori. Hupakia mahindi Moi's Bridge, hushuka nayo hadi pwani, na akirudi nyumbani hulala kama gunia lenyewe. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule katika kibanda karibu na soko la Kitale. Mimba ile ilikuwa ya kwanza na tulikuwa tumeingoja sana, mpaka watu wa kwao wakaanza kuniuliza habari za afya yangu kwa sauti ya chini. Kwa hiyo nilipoipata sikutaka mchezo. Nilikwenda kliniki mapema, nimeoga, nimevaa vizuri, nina furaha ya mtu anayekwenda kuonyesha kitu chake.

"Bwana ako wapi?" sista aliniuliza.

"Ako safari."

"Sasa mama, mimba ulipata na safari?"

Wanawake wa benchi la mbele walicheka, na wanaume wao wakatazama viatu. Nikaenda kukaa nyuma. Ilipofika zamu yetu sisi wa nyuma, chumba cha kupimia presha kilikuwa kimefungwa na mwenye ufunguo amekwenda kula. Nikapanda mizani, nikadungwa sindano ya pepopunda, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaambiwa nirudi siku nyingine na bwana.

Nje ya lango walikuwapo vijana wa bodaboda. Mmoja wao, mwenye jaketi la kijani, akanifuata polepole na pikipiki yake.

"Mathe, si nikuwe bwana yako? Naingia, nasema ndio ni mimi, tunatoka. Utalipa tu ile ya kukupeleka soko."

Nilidhani ananitania, kumbe ni kazi yake. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilikuwa nimemwona ndani, amekaa na mwalimu mmoja wa kike, kisha nikamwona tena amekaa na mama anayeuza nyanya. Sista alimwona mara zote mbili na akawahudumia wote wawili kabla yangu. Mimi nina pete kidoleni na picha za arusi ukutani, lakini machoni pa kliniki ile mwalimu alikuwa na mume na mama wa nyanya alikuwa na mume, tena mume mmoja huyohuyo, na mimi sikuwa naye.

Nilikataa kukodi mume, wala sijuti. Niliolewa mbele ya watu na sioni kwa nini nimlipe mtoto wa mwenzangu ili nipimwe presha. Mume wangu aliporudi nilimwambia twende wote. Alikuwa na Jumamosi na Jumapili tu, na kliniki ile hufunguliwa siku za kazi. "Basi safari ijayo," akasema, akageukia ukuta. Siku hiyo nilipika ugali kwa kelele nyingi kuliko ugali unavyohitaji.

Mimba ilipokomaa, mama mkwe alinipigia simu. Mtoto wa kwanza, alisema, hazaliwi kwenye nyumba ya kupanga. Nikafunga cherehani, nikaenda nyumbani kwao upande wa Tongaren, kaunti ya Bungoma.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu sisi Wabukusu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Hawapeani mkono. Hawaketi kiti kimoja, hawali meza moja. Nikikutana naye njiani, mimi hukanyaga majani nikampisha. Yeye naye, kabla ya kuzunguka kona ya nyumba, hukohoa, ili kama nimejifunga leso vibaya nipate kujitengeneza. Chakula nilimpikia mimi lakini kilipelekwa na mama mkwe. Na mzee hakusema nami moja kwa moja. Akiwa na neno alimwambia mama mkwe huku nasikia, na mama mkwe asipokuwapo, alimwambia ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," angesema huku anakama, "sijui yule wa nyumba ile amekunywa chai?"

"Wewe kuku," ningejibu kutoka jikoni, "mwambie Baba nimekunywa."

Wageni huona ni mchezo wa watoto. Mimi nilipenda. Tangu niolewe hakuna mwanamume aliyeniheshimu kama mzee yule ambaye hakuwahi kunitazama usoni.

Nikiwa pale, miguu yangu ikaanza kuvimba. Mama mkwe alifurahi sana. Kwao miguu ya namna hiyo ni dalili ya mapacha, na mapacha si jambo dogo katika mji wa mtu. Majirani walikuja kuitazama kama watu wanaotazama shamba lililobeba vizuri. "Hii ni wawili," walisema. Uso nao ulipovimba, wakasema sasa hata bishano hakuna. Kichwa kilipoanza kuniuma, mama mkwe akasema ni jua. Simlaumu. Alikuwa na furaha, na kazi ya kupima haikuwa yake.

Nilikwenda kliniki ya huko. Kabla sijamsalimia mtu nilitazama ukutani, na ilikuwapo: katoni nyingine, mwandiko mwingine, maneno yaleyale, na chini yake benchi la samawati. Nilikaa nyuma hadi nikaitwa. Sista alinipapasa tumbo, akamsikiliza mtoto, akasema ni mmoja na yuko sawa. Nikamwonyesha miguu.

"Hiyo ni miguu ya mimba, mama. Ukilala weka juu ya mto."

"Na presha?"

"Presha tunapima wale wa mabwana asubuhi. Hiyo mashine tunachunga betri."

Duka lililo ng'ambo ya barabara liliuza betri. Nilipotoka niliziona, zimepangwa karibu na sabuni. Mpaka leo nikiweka betri kwenye redio yangu huwa nazigongesha kwa nguvu, na mume wangu huniuliza redio imenikosea nini.

Mama mkwe alikuwa amekwenda Myanga kumuuguza dadake siku mambo yalipoharibika. Niliamka kichwa kinagonga. Chini ya mbavu niliumwa kana kwamba nimepigwa ngumi, na nilipotazama mlango niliona vimulimuli mchana kweupe. Nikampigia mume wangu simu. Alikuwa kwenye foleni ya malori, nasikia honi.

"Si uende tu kliniki," alisema. "Waambie niko kazi."

Nilikata simu kabla sijatamka maneno ambayo tungeishi nayo mpaka uzeeni.

Nikatoka nje, nikaketi chini, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, kichwa mikononi. Nilisikia kikohozi lakini sikuweza kuinuka. Mzee akazunguka kona, akaniona pale chini, akageuza uso haraka kumwelekea ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," alisema, na sauti haikuwa ile ya siku zote. "Huyu mtu ni wa hospitari. Mwambie achukue leso. Naita pikipiki."

Kuku walikuwapo lakini sikuwa na nguvu za kuwatuma.

Jirani alinibeba kwa pikipiki, na mzee akafuata kwa baiskeli, kwa kuwa hatungeweza kupanda chombo kimoja. Kila nilipogeuka nilimwona nyuma, anakanyaga pedali kwenye matope, koti limefunguka. Magoti yake ni mabovu tangu zamani. Alifika anahema, akaiegemeza baiskeli ukutani, akasimama nje karibu na dirisha, amenipa mgongo kama inavyotakiwa.

Benchi la mbele lilikuwa limejaa. Nilikaa nyuma, kando ya msichana aliyevaa sweta ya shule iliyong'olewa beji. Alama za uzi zilikuwa bado zinaonekana. Mimi ni fundi, vitu hivyo havinipiti. Hakuwa na mtu. Miguu yake ilikuwa imejaa ndani ya patipati mpaka mikanda imezama kwenye nyama. Alitazama miguu yangu nami nikatazama yake.

"Wanasema ni mapacha," aliniambia.

"Hata mimi," nikamjibu. Hatukucheka.

Mbele yetu mwanamke mmoja alikuwa amekuja na babake mzazi, mzee wa heshima mwenye bakora, wakaketi benchi la mbele. Sista akawainua. "Baba si bwana," akasema, na kumwonyesha kidole ile katoni. Wakarudi nyuma, yule mzee akiomba radhi kana kwamba ameiba.

Niliinuka, nikamwendea sista nikishika ukuta.

"Sista, naona nyota. Kichwa inapasuka."

"Mama, kila mtu hapa ako na kichwa. Ngoja laini. Kwani bwana ako wapi?"

"Ako kazi."

"Ati kazi. Na hawa wenye wamekuja, hawana kazi?"

Nikarudi kwenye benchi langu. Nilikuwa na hasira ambayo sijui hata niiiteje. Nilijua kwamba kuna kitu kinaniua, na kwamba mashine ya kukionyesha iko nyuma ya mlango ule, na kwamba kati yangu na mlango kuna wanaume wazima, wenye afya zao, wanaochezea simu.

Hapo ndipo mzee alipoingia. Alivua kofia yake, akapita katikati ya mabenchi hadi lile la samawati, akawaambia waliokaa wasogee. Wakasogea. Akaketi. Kisha akapiga ubao kwa kiganja, mahali pa wazi kando yake, akanitazama usoni.

"Kuja ukae hapa," alisema.

Hakuwatumia ng'ombe wala kuku. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe. Sikuinuka. Kuna mambo mwili umefundishwa kutoyafanya, na utakataa kuyafanya hata ukiwa unakufa.

"Mama," alisema tena, polepole. "Kuja."

Nikaenda. Nikaketi, na bega langu likagusa lake. Sista akasimama mbele yetu, mkono kiunoni.

"Na wewe mzee, ni nani yake?"

Mwisho wa benchi lile alikuwapo muumini wa kanisa letu na mkewe. Walimjua mzee, walinijua mimi, walimjua mume wangu tangu utotoni. Mzee aliwaona. Akaangalia ile katoni, si mtu yeyote.

"Mimi ndiyo bwana," alisema.

Chumba kizima kilicheka. "Wazee bado wako kazini," mwanamume mmoja akasema, na mwenzake akampa tano. Mzee alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, kifuani, kama watu wanavyoishika kaburini. Sista naye akacheka, akatufungulia mlango.

Ndani alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, kikajaa upepo, akasoma. Akafungua. Akafunga mkono wa pili, akasoma tena. Kicheko kikamtoka usoni. Akatoka mbio na kurudi na daktari, kijana mwenye miwani, aliyeniuliza naona nini nami nikamwambia vimulimuli. Wakasemezana kwa Kiingereza. Halafu sista akanigeukia, akaniwekea mkono begani, na kwa sauti ya huruma kabisa akaniuliza:

"Mama, kwa nini hukusema mapema?"

Nimekasirika mara nyingi maishani, na watu wa Kitale walionicheleweshea malipo ya sare wanaweza kutoa ushahidi. Lakini swali lile bado hunijia nikiwa nashona, na lazima niondoe mguu kwenye cherehani mpaka lipite.

Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni, walisema. Nikadungwa sindano, gari likaletwa la kunipeleka hospitali kubwa mjini Bungoma. Nilitolewa nimelazwa kwenye machela, na mzee akitembea kando, akiwa tayari ameanza kuangalia pembeni. Tulipopita mabenchi ya nyuma, yule msichana wa sweta alimshika mzee ncha ya koti.

"Baba," alimwambia, "na mimi?"

Mzee alisimama. Muuguzi akamwita aingie garini haraka, mgonjwa hawezi kungoja. Akaingia mbele, akakaa na dereva, milango ikafungwa.

Walinipasua mchana uleule. Alitoka msichana mmoja, mdogo sana, amekunja ngumi. Pacha hakuwapo. Niliposikia analia nililia na mimi, na mhudumu akadhani ni kwa uchungu akaniongezea dawa.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu, lakini hakukuwa na haja, kwa kuwa mzee alijisema mwenyewe. Aliwaita ndugu zake akawaeleza alichotamka. Baba kujiita bwana wa mke wa mwanawe, hata kwa mdomo tu, ni mwiko unaoweza kumfuata mtoto mchanga, na lazima uondolewe. Akachinja kondoo wake mwenyewe. Wazee walikaa sebuleni wakila na kumsema. Mmoja alitaka kujua kwa nini hakutafuta maneno mengine. Mwingine alisema mtu wa umri wake angengoja nje. Mimi nilikuwa jikoni, mshono bado unaniuma, nachochea mchuzi wa kondoo yule, nasikia kila neno. Kila mmoja alikuwa na la kumwambia mzee. Hakuna aliyesema twende kliniki tukaulize. Hakuna aliyemdai sista hata unyoya wa kuku.

Mume wangu alifika siku hiyo na mfuko wa machungwa ya pwani. Alipoelezwa alicheka.

"Baba naye," alisema. "Si ungewaambia tu niko njiani?"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, nikasimama mbele yake na mbele ya wajomba na baba zake wadogo wote.

"Babako amekuwa bwana siku moja," nilimwambia. "Wewe kuwa hata nusu."

Wazee waliacha kutafuna. Mume wangu aliweka machungwa chini. Tangu siku hiyo ameanza kuomba safari fupi, hilo nitalisema kwa haki, lakini hakuna siku ameniomba radhi kwa lile lori.

Mtoto wetu sasa anakimbia na anaongea. Mimi nimerudi Kitale kwenye cherehani yangu, na tukienda Tongaren mzee na mimi tunapishana kama zamani. Anakohoa, nakanyaga majani. Ng'ombe amepumzishwa kazi, kwa sababu sasa mzee hunitumia mjukuu wake, ambaye yeye humwita "bibi yangu", yaani mke wangu, kama babu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike.

Na kuna kisa ambacho watu wa kule hupenda kukisimulia, hata kwenye arusi. Siku za kliniki mzee huchukua baiskeli asubuhi, akaenda kukaa kwenye benchi la wenye mabwana. Mwanamke akija peke yake, mzee hupiga ubao kwa kiganja, na mwanamke huja kukaa. Sista alimuuliza ana mabibi wangapi. Akajibu, "Ni hao wenye uliweka huko nyuma." Watu hucheka mpaka wakajifuta machozi. Mchungaji naye amekisimulia. Mimi sicheki. Magoti yake yanamuuma na katoni bado iko ukutani, na watu wazima wenye mishahara wameona ni rahisi kumwacha mzee akae pale kuliko kuibandua.

Hawajui pia alianzaje. Hakwenda kule kuchekesha mtu. Nililijua hilo Krismasi iliyopita, nikiwa naosha vyombo nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta anapukuchua mahindi na mtoto.

"Wewe bibi yangu," nilimsikia akimwambia, kwa sauti ya kunifikia. "Mwambie mamako yule msichana wa sweta, nimemtafuta tena. Kila siku ya kriniki naangalia. Mwambie hayuko."

Mtoto alikuja mbio akizunguka kona, mikono imejaa punje za mahindi, na ujumbe wote akawa ameusahau njiani isipokuwa neno la mwisho.

"Hayuko," aliniambia.